Nyonga Mpya na Upungufu wa Damu

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la elimu ya viumbe litakalowafaa wanafunzi, na ambalo wazazi nao wataweza kulisoma nyumbani bila kutafuta kamusi. Nimechagua habari ya damu. Nimelifundisha somo hili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, nami nilidhani nalijua. Lakini mwaka 2023 lilipita mbele ya macho yangu, nyumbani kwangu mwenyewe, nisilitambue, na aliyelipa gharama ya kutotambua kwangu ni mama yangu mzazi. Nimemwomba ruhusa niyaandike haya, naye amekubali. Aliniambia, "Andika, mwanangu, lakini andika yote, na siku ile uliyonigombeza pia."

Basi nitaandika yote.

NYONGA NI NINI

Kwanza tuitazame nyonga yenyewe. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, na kichwa hicho hukaa ndani ya shimo la mfupa wa kiuno, mfano wa mchi katika kinu. Kati yao pana gegedu laini lenye utelezi, ili mfupa usisugue mfupa. Gegedu hilo likilika, kila hatua huwa maumivu. Jambo hili huwapata zaidi wazee, lakini si wazee peke yao. Vijana wenye ugonjwa wa selimundu huweza kuharibikiwa nyonga wangali wadogo, kwa sababu damu hushindwa kupita vema hata kichwa cha mfupa wa paja kikakosa chakula, kikafa na kubonyea.

Mama yangu ni mkulima wa mahindi na maharagwe katika milima ya Usambara. Wakati wa habari hii alikuwa na umri wa miaka 64. Njia ya shambani kwake yote ni ya kushuka, na kurudi ni kupanda. Maumivu ya nyonga ya kulia yalimwanza yapata miaka sita kabla, na kila mwaka yalizidi. Dawa aliyoitegemea ni vidonge vya diklofenaki, ambavyo alivinunua dukani bila cheti cha daktari, akavimeza takriban kila siku ili aweze kushika jembe. Ninyi wasomaji vikumbukeni vidonge hivyo, maana tutavirudia.

Mwisho akawa haendi shamba tena. Alipokuja kukaa nami hapa shuleni, tulimpeleka hospitali, tukaambiwa kuwa dawa iliyobaki ni kubadilishiwa nyonga.

OPERESHENI YENYEWE

Yafaa wanafunzi wajue kuwa operesheni hii haikuanza jana. Mwingereza John Charnley, aliyezaliwa mwaka 1911, aliishughulikia kwa miaka mingi katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Kikombe cha nyonga alikifanya kwanza kwa plastiki iitwayo Teflon. Plastiki hiyo ililika upesi ndani ya miili ya wagonjwa, ikambidi awapasue tena. Hakulificha kosa lake. Hata alijitia vipande vya plastiki katika paja lake mwenyewe ili aone jinsi mwili unavyovipokea. Mnamo Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki ya namna nyingine iliyo ngumu zaidi, jamii ya polithini, pamoja na kichwa kidogo cha chuma kisichoshika kutu na saruji maalumu ya kukishikiza chuma katika mfupa. Hiyo ndiyo iliyofaulu. Mwaka 2007 gazeti la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha makala iliyoiita kazi hii operesheni ya karne. Nchini kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na kubadilisha nyonga ni miongoni mwa kazi zifanywazo huko.

Lakini operesheni hii hukata nyama na mfupa, na mfupa una damu nyingi ndani yake. Siku hizi madaktari wana dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu, asidi ya traneksamiki, nayo imesaidia sana. Hata hivyo hakuna mtu akatwaye mfupa wa paja asipoteze damu.

Wiki moja kabla ya siku ya kupasuliwa, mama alipimwa damu. Hemoglobini yake ilikuwa gramu 10.9 kwa desilita moja, yaani kwa kila mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya gramu 12 ana upungufu wa damu, na mwanamume akiwa chini ya 13. Daktari alituambia waziwazi kuwa tungeweza kungoja wiki kadhaa, sababu ya upungufu itafutwe na damu ipandishwe kwanza. Mimi ndiye niliyesihi tusingoje. Ruhusa yangu ya kazi nilikwisha kuipata, mke wangu amejitayarisha, na ndugu yangu amekwisha kusafiri kuja. Nilisema, "Daktari, 10.9 si mbali na 12." Daktari akakubali, kwa kuwa hali yake kwa jumla ilikuwa nzuri.

Mama alipasuliwa Februari 2023. Kazi ilikwenda vizuri. Siku ya pili walimsimamisha kwa fremu ya chuma ya miguu minne. Siku hiyohiyo alipimwa damu, ikawa gramu 8.4. Siku ya tano tuliruhusiwa kurudi nyumbani tukiwa na vidonge vya chuma, dawa ya kuzuia damu kuganda, magongo mawili, na karatasi iliyoandikwa kuwa damu ipimwe tena baada ya wiki mbili. Karatasi ile niliitia katika jalada pamoja na stakabadhi. Tulipokwenda kutoa nyuzi, foleni ya maabara ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na kipindi mchana. Tukaondoka bila kupima.

MWEMBE WA UANI

Uani kwangu pana mwembe. Toka mlangoni hata shina lake ni hatua thelathini za mtu mzima. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituagiza kuwa mama atembee hatua chache mara nyingi kwa siku, na kila wiki aongeze kidogo. Alimkataza kukaa juu ya kigoda kifupi, kuchuchumaa, na kupishanisha miguu, mpaka daktari atakapomwambia vinginevyo. Tukamtafutia kiti kirefu, na fundi seremala akatutengenezea kiti cha kuweka juu ya shimo la choo. Haya yote tuliyafanya kwa uangalifu.

Wiki ya tatu mama alifika hatua ya kumi, akaomba kiti. Wiki ya tano, bado hatua ya kumi. Mama mwingine aliyepasuliwa wiki ileile, aliyekuwa kitanda cha jirani, alitupigia simu kusema amekwisha kuacha gongo moja. Mama yangu akisimama moyo ulimwenda mbio, masikio yakavuma, na miguu, kwa maneno yake mwenyewe, "imejaa mchanga." Mchana alilala. Kichwa kilimuuma. Picha ya eksirei ilionyesha chuma kimekaa mahali pake barabara.

Majirani walikuja kumjulia hali, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema chuma kimemkataa. Mwingine alisema mtu wa umri ule hapasuliwi, aachwe apumzike kitandani. Wa tatu alileta sharubati ya rozela, akasema ni nyekundu, itaongeza damu. Yule wa tatu peke yake ndiye aliyelitaja jambo lenyewe, nami mwalimu wa elimu ya viumbe nilicheka moyoni.

Ama mimi nilikuwa na fikira yangu. Nilidhani mama anaogopa. Jioni moja wiki ya saba, alipoketi tena hatua ya kumi, nilimwambia, "Mama, mfupa umepona. Kilichobaki ni uvivu." Ni maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake. Hakunijibu. Asubuhi yake aliamka kabla yetu, akashika magongo ili aende mpaka mwembeni peke yake. Mke wangu alimkuta ameegemea nguzo ya baraza, jasho linamtoka, magongo yako chini. Kama si ile nguzo angeanguka juu ya nyonga mpya.

SWALI LA KIDATO CHA TATU

Wiki iliyofuata nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari ya damu. Niliwaeleza niliyoyaeleza kila mwaka. Chembe nyekundu hutengenezwa katika uboho wa mifupa, zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa katika wengu na ini. Ndani yake mna hemoglobini, na kila molekuli ya hemoglobini ina atomi nne za chuma, ambazo kila moja hubeba molekuli moja ya oksijeni. Niliwaambia pia habari ya Max Perutz, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Cambridge, ambaye alianza kuichunguza hemoglobini mwaka 1937, na mwaka 1962 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na John Kendrew kwa kuonyesha umbo la protini za namna hiyo. Nikawaambia, "Tazameni, mwaka uleule ambao Charnley alifaulu kutengeneza nyonga."

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, mtu akipasuliwa nyonga akapoteza damu, chuma kilichomo katika damu ile hurudi baada ya siku ngapi?"

Nilimwambia tufanye hesabu pamoja. Nilichukua chaki, na kwa mazoea nikachukua mfano niliokuwa nao nyumbani: mwanamke mwenye damu lita 4 hivi, yaani desilita 40. Wanafunzi na wafuatishe.

Akiwa na gramu 12 kwa desilita, ana hemoglobini gramu 480.
Akiwa na gramu 8.4 kwa desilita, ana gramu 336.
Upungufu ni gramu 144.
Kila gramu moja ya hemoglobini ina chuma miligramu 3.4 hivi.
Basi chuma kilichopungua ni miligramu 490 hivi.

Sasa chuma hicho kitatoka wapi? Chembe zikifa mwilini, chuma chake hakitupwi. Mwili hukirudisha kazini, kila siku miligramu 20 au zaidi. Lakini damu iliyotoka nje ya mwili imekwenda na chuma chake. Katika chakula cha kawaida matumbo huingiza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, na karibu miligramu 1 ni ya kufidia kile kinachopotea kila siku. Tukisema ziada ni miligramu 1 kwa siku, itachukua siku 490. Matumbo yakijitahidi, kama yafanyavyo mwili unapokuwa na njaa ya chuma, tuseme ziada iwe miligramu 3, bado ni siku 163.

Nilipoandika tarakimu 490 ubaoni mkono wangu ulisimama. Niliona mwembe, na kiti kwenye hatua ya kumi. Darasa lilikuwa kimya likiningoja. Nikaendelea na hesabu moja zaidi, kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yao. Gramu moja ya hemoglobini iliyojaa huchukua mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 12 hubeba mililita 161 katika kila lita ya damu. Mwenye 8.4 hubeba mililita 113. Akiketi, kiasi hicho kinamtosha. Akisimama juu ya magongo, misuli iliyokaa miezi bila kazi ikidai oksijeni, moyo hauna budi kukimbia ili kuleta kwa safari nyingi kile kisichopatikana kwa safari moja. Moyo unaokwenda mbio, masikio yanayovuma, miguu iliyojaa mchanga: mama alikuwa akinisomea ukurasa wa kitabu changu, nami nikamwita mvivu.

SABABU ILIYOKUWA NYUMA YA SABABU

Jioni ile nilimwambia mama, "Shikamoo. Naomba nikutazame jicho." Nilivuta kope la chini taratibu. Mahali palipopaswa kuwa pekundu palikuwa pamepauka. Jicho si kipimo cha kutegemewa, ila laweza kumwamsha mtu akapime. Kesho yake tulikwenda hospitali. Hemoglobini ilikuwa gramu 8.2. Baada ya miezi miwili haikupanda, bali ilishuka.

Daktari, mama wa makamo, aliuliza maswali matatu. La kwanza, vidonge vya chuma anavimeza na nini? Mama akajibu, kwa chai ya rangi, asubuhi. La pili, bado anavimeza? Akajibu kuwa aliviacha baada ya wiki mbili, kwa kuwa vilimuumiza tumbo na choo kikawa cheusi, akaogopa. La tatu, dawa gani nyingine anatumia? Mama alinitazama kwanza, kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha karatasi ya vidonge. Ilikuwa diklofenaki. Alikuwa nayo tangu nyumbani, na alipoambiwa atembee aliimeza apate nguvu za kutembea.

Walimpitishia mpira wenye kamera tumboni, wakaona kidonda kinachovuja damu kidogo kidogo. Hivyo basi minyororo yote ikaungana. Nyonga ilileta maumivu, maumivu yakaleta vidonge, vidonge vikaleta kidonda, kidonda kikaleta ile 10.9 ambayo mimi nilisema si mbali na 12. Kisu kikaongeza hasara juu ya hasara. Na baada ya kisu, kidonda hakikuacha kuvuja.

Mimi na ndugu yangu tulikunja mikono ya mashati, tukasema tuko tayari kutoa damu mama aongezewe siku hiyohiyo. Daktari alitushukuru, akatuambia tukatoe kwa ajili ya wengine, kwa mama hapakuwa na haja. Alitueleza uchunguzi uliotangazwa na madaktari wa Marekani na Kanada mwaka 2011, juu ya wagonjwa 2,016 waliopasuliwa kwa kuvunjika nyonga, wote wa miaka 50 au zaidi na wenye ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Nusu yao waliongezewa damu kila hemoglobini iliposhuka chini ya gramu 10. Nusu ya pili waliongezewa iliposhuka chini ya 8, au walipoonyesha dalili za kuwa hawaistahimili hali hiyo. Baada ya siku 60 walihesabiwa waliokufa au walioshindwa kuvuka chumba bila kushikwa na mtu. Katika kundi la kwanza walikuwa 35.2 kwa mia, na katika la pili 34.7 kwa mia. Tofauti ni kama hakuna.

Nilimwuliza, "Je, maana yake damu haihusiki na kutembea?" Akasema sivyo. Mwaka 2008 madaktari wa Denmark walieleza kuwa wagonjwa wa nyonga wenye damu iliyopungua walishindwa zaidi kutembea katika siku za kwanza baada ya operesheni. Damu inahusika. Ila chupa ya damu ni ya kumwokoa mtu aliye hatarini, wala haizibi tundu linalovuja. Mgonjwa atibiwe sababu, arudishiwe chuma, naye uboho wake utafanya kazi iliyobaki.

Akatufundisha jambo jingine ambalo sikulijua. Mwili ukiumizwa, ini hutoa kitu kiitwacho hepsidini, ambacho hufunga mlango wa chuma katika matumbo. Kwa hiyo vidonge vilivyomezwa mara tu baada ya kupasuliwa huingia kwa shida. Wakati mzuri wa kujaza ghala ni kabla ya kisu. Ndiyo maana daktari wa kwanza alitaka tungoje.

Mama aliachishwa diklofenaki, akapewa dawa ya kidonda na dawa nyingine ya maumivu isiyochubua tumbo, na chuma akatiwa kwa dripu katika mshipa mara mbili. Mwisho wa Mei alikuwa na gramu 10.1. Agosti alikuwa na 12.3.

Kuhusu mwembe: aliufikia wiki ya tatu baada ya dripu ya kwanza, akarudi bila kuketi. Mwezi wa Juni alitembea kwa gongo moja hata lango la shule. Hatukumwambia aende. Tulimtafuta nyumbani tukamkosa, tukamkuta langoni akizungumza na mlinzi.

Niliketi naye usiku ule nikamwomba radhi. Alisema amekwisha kusahau. Mwaka huu niliposema nataka kuandika somo hili, niliona kuwa hakusahau.

MAONYO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Yatupasa kuyashika haya.

Kwanza, mgonjwa wenu akipangiwa operesheni kubwa isiyo ya dharura, ulizeni mapema: damu yake ni ngapi, na kama imepungua, kwa nini? Wiki chache za kungoja si hasara.

Pili, vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na aspirini, vikitumiwa kila siku bila daktari, huweza kutoboa tumbo kimyakimya. Mwambieni daktari kila kitu mgonjwa anachomeza, pamoja na kilichomo katika pindo la kanga.

Tatu, chai na kahawa huzuia chuma kisiingie mwilini. Vidonge vya chuma visimezwe pamoja navyo. Limau, chungwa na pera husaidia kukiingiza. Nyama, maini na dagaa vina chuma kiingiacho kwa urahisi, na maharagwe na mchicha vinacho pia, ila huingia kwa uchache. Wekundu wa kinywaji si dalili ya chuma.

Nne, chuma hufanya choo kiwe cheusi, na jambo hilo si baya. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami chaweza kuwa damu ya tumboni. Usikisie, nenda ukaseme.

Tano, si kila upungufu wa damu ni wa chuma. Minyoo ya safura, malaria, selimundu na maradhi ya figo huleta upungufu pia, na mwenye selimundu hapewi chuma bila kupimwa, kwa kuwa chaweza kumzidi mwilini.

Sita, aliyepasuliwa nyonga akishikwa ghafula na kichomi cha kifua au kukosa pumzi, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, huenda damu imeganda mahali pasipofaa. Hiyo si habari ya kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Saba, mgonjwa asilazwe tu kwa kisingizio cha damu kidogo. Kutembea hatua chache mara nyingi, kwa kadiri ya nguvu zake na chini ya uangalizi, huilinda misuli. Asukumwe kwa hesabu, wala asisukumwe kwa aibu.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Picha ya eksirei ilionyesha nyonga nzuri. Eleza kwa nini picha hiyo haikutosha kueleza sababu ya mama kushindwa kutembea.

2. Mwanamume ana damu lita 5. Hemoglobini yake imeshuka kutoka gramu 14 hata gramu 10 kwa desilita. Amepungukiwa chuma miligramu ngapi?

3. Kidonge kimoja cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe miligramu 65 hivi. Ikiwa sehemu moja ya kumi huingia mwilini, mtu wa swali la pili atahitaji vidonge vingapi?

4. Damu iliyovilia chini ya ngozi baada ya operesheni si hasara sawa na damu iliyomwagika nje. Kwa nini?

5. Katika habari hii, taja kila mahali ambapo swali moja lingeulizwa mapema lingeokoa miezi miwili ya mama. Mimi nimepata mahali panne. Atakayepata zaidi aniletee, kwa maana bado naendelea kujifunza somo hili.

Mama alirudi Usambara mwezi wa Septemba mwaka uleule. Mpwa wangu alituletea habari kuwa siku ya nne alishuka shambani, polepole, na fimbo mkononi, akapanda tena mwenyewe. Njiani alipumzika mara mbili.

Ni mimi,
Mwalimu wa Biolojia